Pua Mbili za Boti ya Gatina

Mvua ikianza kunong'ona juu ya mabati, watu wa ploti yetu walikimbilia nguo kwenye kamba. Kapteni alikimbilia sufuria. Ndogo aliiweka kitandani, mahali pa miguu. Kubwa aliiweka juu ya benchi la nyuma, karibu na mlango. Kisha aliketi katikati ya hizo mbili, akajifunga leso vizuri, akangoja. Tone la kwanza likilia ndani ya sufuria aliitikia kama mtu aliyebishiwa hodi. "Eeh," alisema, "nimekusikia."

Aliishi ndani ya boti. Nalisema mapema ili tusisumbuane. Haikuwa nyumba yenye umbo la boti, wala kibanda kilichopewa jina hilo kwa utani. Ilikuwa boti ya kweli, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyokaa, yenye kijumba juu na madirisha mawili ya mviringo, imekalia magogo katikati ya ploti ya baba yangu huko Gatina, Kawangware, mahali ambapo hakuna maji ya kutosha kumwelesha bata. Mume wake alikuwa mtunza bustani kwa tajiri mmoja wa Lavington. Yule tajiri alipohama nchi aliuza kila kilichouzika, na boti, kwa kuwa haikuuzika, akampa mtunza bustani kama asante. Ikaletwa Gatina juu ya trela bovu, ikisukumwa na wavuta mkokoteni waliocheka njia nzima. Baba alisimama langoni akaitazama ikiingia, akasema, "Haiya! Sasa hii ni mpangaji wa aina gani?"

Juu ya paa la kile kijumba kulikuwa na matundu mawili ya hewa, moja mbele juu ya kitanda na lingine nyuma juu ya benchi. Kila moja lilikuwa na kofia ya plastiki kama uyoga, ya kuruhusu hewa kuingia na kuzuia maji. Kapteni aliyaita pua. Mume wake alikuwa amemweleza kwamba boti isiyopumua huoza kutoka ndani, naye akalishika neno hilo kama aya. Lakini jua la miaka lilikuwa limepasua raba iliyozunguka zile pua, na mvua ikinyesha maji yalipenya pembeni, yakatambaa chini ya dari, yakadondoka. "Boti imeshikwa na homa," Kapteni alitangaza, na akaenda zake kupanga sufuria.

Mimi ni mtu wa hadwea. Nimekulia kati ya misumari na rangi, na nikiona tone linadondoka mkono wangu unatafuta gundi wenyewe. Kwa hivyo mnaweza kufikiria nilivyoteseka kuwa jirani wa Kapteni. Kila mwanzo wa masika aliingia dukani kwetu, akanunua tyubu moja ya silikoni, akaifunga ndani ya leso, akaondoka. Na kila masika pua zilidondosha kama kawaida. Nilipochoka kuvumilia nilimfuata hadi kwake, nikainama chini ya kitanda, nikazikuta zote zimepangwa kama kuni. Za zamani zilikuwa zimekauka kuwa mawe.

"Kapteni, kwani unazikusanya za nini?"

"Za kuziba pua."

"Na mbona haujaziba?"

"Mwenye kuziba ako njiani," alisema, akanimiminia chai. "Akifika akute vifaa."

Mwenye kuziba alikuwa mume wake. Alikuwa amepanda basi kwenda upande wa ziwani kutafuta injini ya mkono wa pili, kwa sababu mpango wao ulikuwa kuirudisha ile boti majini, huko kwao, ivushe watu kwenda visiwani. Asubuhi ya kuondoka alisimama uani, akatazama juu, akasema, "Hizo pua usiziguse. Nitaziziba nikirudi." Ndilo neno la mwisho ambalo Kapteni alilisikia kutoka kinywani mwake. Simu ililia kwa muda, kisha ikaacha kulia. Wakati huo mimi nilikuwa bado navaa sare ya shule.

Watu waliokuja baadaye walidhani aliitwa Kapteni kwa sababu ya ujuzi wa maji. Hakuwa na ujuzi wowote. Alizaliwa karibu na ziwa kubwa kuliko yote tunayoyajua, na hakuwahi kukanyaga boti iliyokuwa ndani ya maji hata mara moja. Alisema wavuvi wa kwao hawakupenda mwanamke apande chombo, na yeye hakuwaomba, kwa kuwa maji yaliyopita magotini yalimtia kizunguzungu. Aliuza samaki wa kukaanga Olympic, kule Kibera, kwa wateja aliowajua tangu alipokuwa akiishi Soweto West, na kila mtu aliapa hakuna samaki kama wake. Mwenyewe hakuwa na hamu nao. Alipenda githeri ya mama yangu, na alikuwa na kipaji cha kutokea mlangoni kwetu ikiwa inaiva.

Vijana wa boda boda pale kona hawakuchoka kumtania. "Kapteni, niaje! Tunang'oa nanga lini?"

"Nanga niliuzia mtu wa vyuma," alijibu bila kugeuka. "Nyinyi ng'oeni hiyo pikipiki kwa barabara nipite."

Na wachungaji, maana Gatina haina uhaba wa wachungaji, kila aliyefungua kanisa jipya mtaani alikuja kumtembelea, akaitazama boti na kuanza habari za Nuhu. Kapteni aliwasikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha aliuliza swali lake moja: mke wa Nuhu aliitwa nani? Sijaona mchungaji aliyemjibu. "Munaona," alisema. "Jina haikuandikwa na safina haikuzama." Ndiyo maana nami sijaona haja ya kuliandika lake.

Siku ya kodi ilikuwa na mchezo wake. Baba alisimama nje na kuita, "Mwenye nyumba ya katikati!" Kimya. Alipoita, "Mwenye boti!" mlango ulifunguliwa. Kapteni alishikilia kwamba boti hailipi kodi ya nyumba, inalipa ya kuegesha, na baba akasema kitu chenye kitanda, jiko na pazia ni nyumba hata kikiwa na mabawa. Walibishana, wakacheka, na mwishowe akalipa kama kila mtu. Baba alikuwa mtu mgumu kwa wapangaji, lakini siku hiyo alirudi ndani akiwa na uso mwepesi, na mama alisema heri kila siku ingekuwa ya boti.

Lakini kulikuwa na upande mwingine wa neno hilo, boti au nyumba, na upande huo haukuwa wa kucheka. Aliniambia mchana mmoja wa mvua, nilipomchokoza kwa mara ya mia kuhusu zile silikoni. Kwao, alisema, mke hapandi juu ya paa la nyumba yake. Paa ni la mume. Likivuja, mume hulipanda. Na mume akiwa amefariki, anayelipanda ni ndugu yake, na akishalipanda mbele ya watu, kila mtu anajua kwamba mama huyo sasa ni mjane, na kwamba huyo ndugu ndiye ameshika nyumba.

"Sasa uniambie," alisema. "Kama hii ni nyumba, siwezi panda. Nikipanda nimesema mwenyewe hayuko. Na kama ni boti, basi mimi hata kuingia sikufaa kuingia. Hapo ndipo niko, nyathina." Aliniita hivyo, mwanangu, kwa lugha ya kwao, hata nilipokuwa na watoto wangu.

"Lakini hapa ni Nairobi, Mama. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Wajaluo wenzake wa ploti walimwambia anajitesa bure, kwamba desturi hizo ni za nyumba ya boma kule nyumbani, na fundi wa kulipwa hawezi kuwa mume wa mtu. Hakubishana nao. Aliwapa samaki waliobaki, akawaaga vizuri. Ilikuwa vigumu sana kugombana na Kapteni. Kitu pekee kilichomkasirisha wazi ni mtu kuingia botini bila kupangusa miguu.

Alikuwa na msemo wake, sijui kama ni wa kwao au ni wake tu. "Mwanaume akirudi akute kazi." Alieleza kwamba mwanaume anayerudi akakuta kuni zimepasuliwa, mlango umenyooshwa na paa limezibwa huketi kidogo, akajiona mgeni, akaondoka tena. Kwa hiyo hakumwachia mume wake uvujaji peke yake. Kulikuwa na kitasa kilichokwama na mguu mmoja wa meza, na vyote vilimngoja. Nilikuwa mwepesi wa kusema, wakati huo kuliko sasa, na nilimwambia kwamba ningekuwa mimi, mwanaume huyo angekuta kufuli. Alicheka hadi akafuta macho. Sikujua ni machozi gani.

Sharti nieleze pia kuhusu siku ile boti iliinuka. Watu hawaniamini, na sitawabembeleza. Mvua ilikuwa imeanza tangu asubuhi, na saa za mchana mfereji wa nyuma ulijaa, maji yakaingia ploti yakipita katikati ya milango, yakibeba kandambili na ndoo za watu. Nilikuwa nimekuja kumletea githeri na nikakwama humo ndani. Zile sufuria mbili zilikuwa zikilia kwa sauti mbili tofauti, ndogo juu, kubwa chini, na madirisha ya mviringo yalikuwa yamejaa kijivu. Kulikuwa na joto la jiko na harufu ya samaki na sabuni. Nilianza kusinzia. Ndipo sakafu ikavuta pumzi. Sijui neno jingine. Iliinuka kidogo sana, kama kifua cha mtu aliyelala, ikakaa hapo, chai ikainama kwenye kikombe. Kapteni alishika mkono wangu. Hakuwa na hofu hata kidogo, yeye anayeogopa maji ya magotini. "Inakumbuka," alisema polepole.

Kisha boti ikatua juu ya magogo, na maji yakaenda zake. Baba alisema ni magogo yaliteleza. Huenda. Lakini mimi nilikuwa ndani, na mpaka leo nikilala mvua ikinyesha nasikia sufuria mbili, na kitanda changu huku Olympic, nilikoolewa, kinavuta pumzi.

Kilichokuja kuharibu utulivu wote huo ni kifua chake. Alianza na kikohozi cha kawaida, kile tunachokinywea tangawizi. Kikakataa kuondoka. Blanketi lake lilikuwa na unyevu kila wakati, na upande wa ndani wa kijumba ulikuwa umeota ukungu mweusi kuanzia pua ya mbele hadi kwenye mto. Nilimpeleka kliniki mwenyewe. Daktari, msichana mdogo mwenye sauti ya upole, alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu, akauliza analala wapi. Tulipomweleza alifikiri tunamfanyia mzaha. Alipoamini aliweka kalamu chini. "Mama, dawa nitakupa, lakini ukiendelea kulala kwa hiyo baridi hii kifua itakumaliza. Lala mahali pakavu. Hiyo ndiyo dawa yenyewe."

 Njiani kurudi nilimwomba aje alale kwetu, chumba kilikuwepo. Akasema mtu akirudi akute boti tupu atadhani nini?

Hapo ndipo shemeji yake alipokuja. Alikuwa seremala wa Soweto West, mzee mwembamba, mpole, aliyevaa koti hata juani, naye alikuwa mdogo wa yule mume. Alisikia habari za kifua kutoka kwa wateja wa samaki, na Jumapili moja baada ya kanisa alitokea langoni akiwa na ngazi begani, ngazi aliyoitengeneza mwenyewe. Aliitegemeza kwenye boti. Uani pote watu wakaacha walichokuwa wakifanya, maana Wajaluo wa ploti walijua maana yake, na sisi wengine tulikuwa tumeshaelezwa.

"Shemeji," alisema, "wacha nipande tu. Ni tundu tu hiyo."

"Ni tundu ya nani?" Kapteni aliuliza kutoka mlangoni.

Yule mzee alitazama viatu vyake. "Ya ndugu yangu."

"Basi muulize yeye kama unaweza panda."

Alimkaribisha chai, akamkalisha kwenye benchi, akampa kipande kikubwa cha samaki. Ngazi ilibaki nje. Mzee alipoondoka hakuichukua, na Kapteni hakumkumbusha. Nilimkasirikia siku ile. Nilimwona kama mtu anayekubali kufa ili mwanaume aliyemtoroka asikasirike, na nilimwambia hivyo hivyo, mlangoni mwake. Alinitazama kwa huruma. "Wewe umesema ametoroka, mwingine anasema amekufa," alisema. "Mimi nimesema nini? Nimesema ako njiani. Mimi ndio sijadanganya, kwa sababu sijui."

Nadhani maneno hayo yalimfikia shemeji, kwa sababu alifunga karakana yake akaenda ziwani kutafuta. Alizunguka fuo na visiwa. Alirudi na habari ndogo: kulikuwa na mzee mmoja aliyemkumbuka mtu kutoka Nairobi, mcheshi, aliyekuwa akiulizia injini, na kwamba mtu huyo alipanda boti ya wengine siku yenye upepo kwenda kuiona injini hiyo kisiwa cha pili. Hakuna aliyejua kama boti hiyo ilifika. Hapakuwa na kaburi, hapakuwa na mtu.

Kwa wazee wa kwao hiyo ilitosha. Mtu akipotea majini na mwili usipatikane, huzikwa yago mahali pake, tunda refu na gumu la mti wa huko, linalolingana na mkono wa mtu. Hulazwa kaburini kama mwili, likaliliwa, likafunikwa. Baada ya hapo aliyepotea amezikwa na mke wake ni mjane. Walimtumia Kapteni ujumbe aende. Nilitegemea atakataa. Alifunga mzigo, akanipa sufuria mbili nimtunzie, akaenda.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia Olympic kwa mume wangu, na duka nilikuwa nimemwachia kaka yangu. Mvua zikaanza Kapteni akiwa bado huko. Nilikwenda Gatina kumpelekea sufuria zake niliposikia amerudi. Mfukoni nilikuwa na tyubu mpya ya silikoni. Sikuwa na mpango wowote. Ni mazoea tu ya mkono.

Wingu lilikuwa limeshuka sana na mwanga ulikuwa wa rangi ya majani ya chai. Nilipoingia langoni niliona kwanza ngazi, imesimama kwenye ubavu wa boti. Chini yake alikuwa shemeji, amevaa koti lake, ameishika kwa mikono miwili na kugeuza uso kuelekea ukutani. Juu ya paa, amepiga magoti, leso imefungwa kiunoni na gamubuti miguuni, alikuwa Kapteni. Alikuwa akikwangua raba iliyooza kwa kisu cha kupara samaki.

"Kapteni! Aki shuka, utaanguka!"

"Pangusa miguu uingie," alisema. "Nakuja."

Nikamgeukia yule mzee. Alijibu kabla sijauliza, kwa heshima zote, bado anatazama ukuta. "Mimi sijapanda. Mimi nashika ngazi."

Alimaliza pua ya mbele taratibu, akakamua silikoni kuizunguka, akaisawazisha kwa kidole kilicholowa mate. Ilikuwa kazi safi. Kisha akasimama nusu, akaitazama pua ya nyuma, ile ya juu ya benchi alilokuwa akikalia mume wake akifunga kamba za viatu. Aliiwekea mkono juu ya kofia yake, hivi, kama mtu anavyompima mtoto homa. Akashuka.

Tuliingia ndani wote watatu. Alikuwa amekonda, lakini kikohozi kilikuwa kimepungua. Nilitoa ile tyubu mfukoni nikaiweka mezani. "Ya nyuma bado," nilisema. "Umesahau ya nyuma."

"Sijasahau."

"Mvua hiyo inakuja."

"Naiona." Alikaa kitandani, kitanda chake kikavu. "Walinionyesha kaburi. Nililia, usifikiri sikulia. Nililia mpaka wakaniambia inatosha. Wakasema sasa mimi ni mjane na paa ni ya shemeji. Nikamwambia shemeji, hapana, kama ni mimi nimeachwa na boti, basi mimi ndio mwenye boti, nitapanda yangu. Hiyo ya mbele inanyeshea kifua changu. Nimeziba." Alilipapasa blanketi lake. "Lakini wamezika tunda, nyathina. Mimi sikuolewa na tunda."

Shemeji alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake. Nilitaka kusema kitu cha hadwea, kwamba maji ni maji, kwamba yatatambaa chini ya dari hadi upande wa kitanda. Badala yake niliichukua ile tyubu mezani. 

"Mwanaume akirudi akute kazi," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na akanipa sufuria kubwa.

Mvua ilishika mabati ya majirani kwanza, kisha ikafika kwetu. Upande wa kitanda kulikuwa kimya, kimya ambacho sijawahi kukisikia humo ndani. Tukasubiri. Likaja tone la nyuma, likagonga sufuria, nalo likalia kwa ile sauti yake ya chini.

"Eeh," Kapteni alisema, "nimekusikia."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo miaka yote nikidhani anaongea na mvua. Nilirudisha silikoni mfukoni. Kisha nikainuka, nikaisogeza sufuria kidogo kwenye benchi, isikose tone.